Mazoezi ya usawa wa mwili kwa mwenye MS: mwongozo kamili wa kufanya nyumbani

Mtu mwenye multipo sklerosisi (MS), ugonjwa wa neva, anaweza kutembea vizuri tu sebuleni mchana kutwa, jioni akaanguka bafuni. Amejipaka sabuni usoni, amefumba macho, ameinama kuchota maji kwenye ndoo, mara anajikuta chini. Watu wa nyumbani husema aliteleza. Mara nyingi hakuteleza. Alifumba macho, na macho ndiyo yaliyokuwa yakimshikilia.

Ushauri ambao wagonjwa wengi hupewa ni "jitahidi kutembea tembea". Kutembea ni kuzuri kwa moyo na pumzi, lakini hakutoshi kurudisha usawa. Usawa hujengwa kwa kuutikisa kidogo kidogo mahali salama: unapunguza msaada mmoja, mwili unayumba, unajirekebisha, kesho yake unarudia. Asiyeyumba hata kidogo anapofanya mazoezi haya hapati faida yake, na anayeyumba pasipo na pa kushika anajitafutia kuvunjika nyonga. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukaa katikati ya hayo mawili.

Kinachoharibika mwilini

MS ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mayelini, utando unaozifunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho, na kuacha makovu. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868, na leo watu zaidi ya milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Wengi hugunduliwa wakiwa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huupata angalau mara mbili zaidi ya wanaume. Karibu na ikweta ni adimu kuliko Ulaya ya kaskazini, kwa hiyo mgonjwa wa Afrika Mashariki anaweza kuzunguka hospitali muda mrefu kabla ya kuambiwa anaumwa nini, akirudi nyumbani na dawa za mgongo au za macho.

Ili usimame wima, ubongo hupokea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani linaloeleza kichwa kimeelekea wapi, na miguu, hasa nyayo na vifundo, inayoeleza sakafu ikoje na uzito umeegemea upande gani. Taarifa za miguu ndizo zenye safari ndefu kuliko zote, maana hupanda kupitia uti wa mgongo wote. Kila kovu lililo njiani huzichelewesha. Mwili unaanza kuegemea mbele, ubongo unapata habari umechelewa, na amri ya kujirekebisha inafika misuli ya mguu wakati mtu ameshapitiliza. Juu ya hapo wengine wana makovu kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, wengine wana udhaifu wa mguu mmoja au misuli inayokakamaa. Haishangazi kwamba tafiti zilizowafuatilia wagonjwa wa nchi mbalimbali zilikuta zaidi ya nusu yao walianguka angalau mara moja ndani ya miezi 3.

Mazoezi hayafuti kovu. Yanaufundisha ubongo kutumia vizuri zaidi taarifa zilizobaki na kuacha kutegemea macho peke yake, na yanaiweka misuli tayari kuitika. Mwaka 2018 watafiti wa Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 88 wenye MS. Waliofanya mazoezi ya usawa pamoja na ya macho walipata usawa bora, na hata kizunguzungu na uchovu vilipungua, wakilinganishwa na ambao hawakupewa mazoezi hayo.

Nani asianze leo

Usianze ikiwa dalili mpya zimetokea siku za karibuni: ganzi mpya, mguu ulioishiwa nguvu ghafla, jicho lililofifia au kuona vitu viwili viwili. Dalili ya namna hiyo ikidumu zaidi ya saa 24, nenda kwa daktari, huenda ugonjwa umezuka upya. Usianze ukiwa na homa au maambukizi ya njia ya mkojo, kwani hayo pekee hudhoofisha miguu kwa muda. Aliyeanguka akaumia, mwenye ugonjwa wa moyo, aliyemaliza dozi kubwa ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) juzi, na mwenye mifupa iliyopungua uimara amwone kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Hata usipokuwa kwenye makundi hayo, ukipata nafasi ya kukutana na mtaalamu wa fiziotherapia mara moja tu, itumie kumwonyesha namna unavyosimama na kutembea. Jicho lake litaona unachokosa wewe na wa nyumbani kwako.

Kuandaa mahali, na mtu wa kukusimamia

Tafuta kona ya chumba ambapo kuta mbili zinakutana. Simama mgongo ukiielekea kona, lakini usiiegemee, na mbele yako weka kiti kizito chenye mgongo, kikukabili kwa mgongo wake. Hapo una ukuta nyuma, ukuta kila upande na pa kushika mbele. Kiti cha plastiki chepesi hakifai kwa kazi hii, kinakwenda na wewe. Ondoa zulia dogo, waya wa feni, ndala zilizozagaa na mtoto anayechezea miguuni.

Miguuni vaa viatu vya kufunga vyenye soli nyembamba na ngumu kiasi, au usivae kitu ikiwa sakafu ni safi. Kandambili hazifai kabisa, kwa sababu mguu wenye ganzi haujui kama kandambili ipo au imetoka. Ukifanya peku, ukimaliza kagua nyayo zako, maana asiyesikia anaweza kuwa amekanyaga kitu.

Ukiwa na msimamizi, mfundishe kazi yake kabla hamjaanza. Asimame upande wa mguu dhaifu, nyuma kidogo yako, mkono wake ukiwa karibu na kiuno chako bila kukugusa. Ukianza kupepesuka akupe sekunde moja ya kujirekebisha mwenyewe, kisha akushike kiunoni au kwenye mkanda mpana uliovaa. Asikukamate mkono. Mtu akivutwa mkono huzunguka, na ndipo huanguka vibaya. Najua kumwangalia mama au mumeo akiyumba bila kumdaka ni kugumu, lakini ile sekunde moja ndiyo zoezi lenyewe.

Joto na uchovu

Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa waliofifia macho baada ya kufanya kazi ya nguvu. Baadaye ilifahamika kwamba chanzo ni joto la mwili: hata nusu digrii ikiongezeka, neva iliyopoteza mayelini hupitisha ujumbe kwa shida. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, au Muscat mwezi wa saba, jambo hili linaweza kuamua kama mazoezi yatafanyika au hayatafanyika.

Fanya asubuhi na mapema, kabla jua halijakali. Kunywa maji ya baridi kabla na katikati. Weka feni ikupige, na kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi shingoni. Fanya dakika mbili, kaa chini dakika moja, endelea. Ukiona mguu unazidi kuwa mzito au macho yanafifia katikati ya mazoezi, acha, jipooze. Hali ikirudi kama ilivyokuwa ndani ya nusu saa hadi saa moja, ni joto tu, wala ugonjwa haujazuka upya na mazoezi hayajakudhuru. Watu wengi huyaacha mazoezi moja kwa moja kwa kuogopa hali hii, na huo ni uamuzi unaowagharimu, kwa kuwa misuli inayokaa bure hudhoofika na kuanguka kunazidi.

Uchovu wa MS nao una ratiba yake. Kwa wengi huzidi alasiri. Usipange mazoezi baada ya kufua au baada ya safari ya daladala.

Hatua ya 1: Jipime

Ukiwa kwenye kona yako, chukua simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na daftari. Simama miguu imegusana, mikono kifuani, macho wazi, hadi sekunde 30. Kisha hivyo hivyo macho yamefumbwa. Kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Mwisho, mguu mmoja tu, kulia na kushoto. Andika sekunde ulizoweza kabla hujagusa kitu au kusogeza mguu. Ukishindwa mkao mmoja, usiende unaofuata.

Halafu kaa kwenye kiti, simama, tembea mita 3 kwa mwendo wako wa kawaida, geuka, rudi, kaa. Andika sekunde. Kipimo hiki hutumika katika kliniki nyingi za fiziotherapia, nawe unaweza kukifanya barazani ukiwa na chaki ya kuchora mstari.

Soma majibu yako namna hii. Ukisimama vizuri macho wazi na kuporomoka mara yanapofumbwa, nyayo zako hazikuambii vya kutosha na unaishi kwa macho. Hatua ya 4 ndiyo kazi yako kubwa. Ukiyumba sana hata macho yakiwa wazi, na mikono inatetemeka unapoelekea kushika kitu, huenda tatizo liko kwenye serebela. Anza taratibu, ukae muda mrefu kwenye hatua ya 2 na ya 3. Ukipata kizunguzungu kila ukigeuza kichwa, usiruke hatua ya 5. Upande mmoja ukishindwa kabisa kusimama kwa mguu mmoja, nguvu za mguu huo zinahitaji kushughulikiwa kwanza.

Hatua ya 2: Kwenye kiti

Anayetumia kiti cha magurudumu au asiyeweza kusimama bila kushika afanye hatua hii kwa uzito wote, kwa sababu kiwiliwili kinachojimudu ndicho kinachomwezesha mtu kuhama kutoka kitandani, kujisafisha chooni na kula bila kumwaga.

Kaa mbele ya kiti, mgongo usiguse nyuma, nyayo zimetua sakafuni. Hamisha uzito kwenye tako la kulia, kisha la kushoto, taratibu, mara 10. Nyosha mkono mbele kana kwamba unachukua kikombe kilicho mbali kidogo na unapofikia, kisha pembeni, kisha kuvuka kwenda upande wa pili. Inua mguu mmoja kutoka sakafuni, hesabu hadi tano, shusha. Ikiwa rahisi, fumba macho. Ikiwa bado rahisi, kalia mto.

Sasa kusimama kutoka kwenye kiti. Kama ungekuwa na muda wa zoezi moja tu kwa siku, ningekuambia ufanye hili. Vuta nyayo nyuma hadi visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Wengi hushindwa kwa sababu wanajaribu kupanda wima moja kwa moja. Sukuma sakafu kwa miguu yote miwili, simama, nyoosha nyonga, tulia kwa pumzi moja. Kisha kaa kwa kuhesabu hadi nne, usijiachie ukadondoka. Kushuka polepole ndiko kunakojenga misuli ya mapaja kuliko kupanda. Fanya mara 5, pumzika dakika moja, rudia mpaka seti 3. Mwenye mguu mmoja dhaifu auvute ule dhaifu nyuma kidogo ya mwenzake, ili ulazimike kufanya kazi. Ukizoea, tumia kiti kifupi zaidi.

Hatua ya 3: Kusimama ukiwa umeshika

Simama mbele ya meza nzito au kaunta ya jikoni. Hamisha uzito kulia na kushoto, mbele na nyuma, nyayo zikibaki chini. Panda juu ya vidole, shuka. Inua vidole ukibaki kwenye visigino. Inua mguu mmoja kwenda pembeni bila kulaza kiwiliwili, rudisha, badilisha. Tembea kwa pembeni kufuata urefu wa kaunta, nenda na urudi. Kila moja mara 8 hadi 10.

Angalia mikono yako. Wengi hudhani wanafanya zoezi la miguu kumbe wamening'inia kwenye meza. Anza na viganja vyote, wiki inayofuata vidole viwili kila mkono, kisha kidole kimoja tu kikigusa bila kubonyeza. Kidole kinachogusa kwa wepesi hakibebi uzito, lakini kinaupa ubongo taarifa ya mahali mwili ulipo, na vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mguso huo peke yake hupunguza kuyumba. Mwishowe mikono ielee juu ya meza kwa umbali wa unene wa kitabu.

Kama misuli ya nyuma ya mguu inakakamaa, inyooshe kabla: simama kukabili ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, egemea mbele kwa sekunde 30. Kisigino kisichofika chini hakiwezi kusimama sawasawa.

Hatua ya 4: Kuupunguzia mwili msaada

Rudi kwenye kona. Kuna vitu vinne unavyoweza kubadili: upana wa miguu, macho, sakafu na kichwa (hicho kiko hatua ya 5). Sheria ni kubadili kimoja kwa wakati mmoja.

Anza na upana. Miguu iwe na nafasi ya mabega, kisha igusane, kisha mmoja utangulie nusu, kisha mmoja mbele ya mwingine kabisa, kisha mguu mmoja. Kila mkao sekunde 30, mara 3. Ukipata mkao unaokuyumbisha kiasi lakini unajirekebisha bila kushika, huo ndio wako. Ukisimama sekunde 30 mara zote tatu bila kuyumba, umeuzidi, songa mbele. Ukishika ukuta au kiti zaidi ya mara mbili ndani ya sekunde 30, rudi nyuma ngazi moja. Hakuna aibu kurudi nyuma. Siku za joto, za hedhi au za usingizi mbaya kila mtu hurudi.

Kisha macho. Panua miguu tena hadi nafasi ya mabega, fumba macho. Anza na sekunde 5. Sikiliza nyayo zako: uzito uko kwenye visigino au vidoleni, kulia au kushoto? Jiulize kila mara. Mwenye ganzi hujisikia amepotea mwanzoni, na hapo ndipo ubongo unapolazimika kuzitafuta zile taarifa chache zinazopita. Ongeza sekunde hadi 30, ndipo usogeze miguu karibu.

Sakafu laini huja baada ya hapo. Kipande cha godoro la sponji, au blanketi lililokunjwa mara kadhaa, linatosha. Macho wazi kwanza, miguu imeachana. Kusimama kwenye sponji huku umefumba macho ni kugumu kweli, maana hapo limebaki sikio la ndani peke yake. Usifanye bila msimamizi. Wapo ambao hawatafika hapo, na usawa wao utaongezeka hata hivyo.

Hatua ya 5: Macho na kichwa

Andika herufi moja kubwa kwenye karatasi, ibandike ukutani kwenye usawa wa macho, umbali wa mita moja hivi. Ukiwa umekaa, itazame bila kuiachia huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto, mwendo mfupi mfupi. Herufi ibaki wazi, isitetemeke. Ikitetemeka, punguza kasi. Fanya sekunde 30, pumzika, kisha kichwa juu na chini. Baada ya siku kadhaa ongeza hadi dakika moja, kisha ufanye umesimama miguu imeachana, kisha imegusana.

Ukiwa tayari, tundika kanga au kitenge chenye maua mengi ukutani na ubandike herufi juu yake. Mandhari yenye vurugu huyachanganya macho, jinsi soko au kituo cha mabasi kinavyofanya. Wanaosema "nyumbani niko sawa, sokoni nashikwa na kizunguzungu" wanahitaji zoezi hili kuliko jingine lolote.

Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi ni cha kawaida, ila kinatakiwa kiwe kimetulia ndani ya dakika 15 hadi 20. Kisipotulia, ulizidisha, kesho punguza muda na kasi. Anayeona vitu viwili viwili apate kwanza maelekezo ya daktari wa macho.

Hatua ya 6: Kutembea kwa kujaribiwa

Tembea kufuata ukuta, mkono ukiwa karibu nao. Kwanza kawaida, kisha kisigino kikigusa vidole, kisha kwa pembeni, kisha kinyumenyume. Kinyumenyume ni zoezi zuri sana na wengi hulikwepa; anza na hatua 5 msimamizi akiwa nyuma yako. Kugeuka ndiko kunakowaangusha wengi, kwa hiyo kufanyie mazoezi peke yake: usizunguke juu ya mguu mmoja, geuka kwa hatua ndogo ndogo ukichora nusu duara.

Baadaye ongeza kazi ya kichwa. Tembea huku ukitaja majina ya samaki au miji, au ukihesabu kutoka 50 kurudi nyuma kwa tatu tatu. Tembea umebeba kikombe chenye maji nusu. Utaona mwendo unapungua au unasimama kabisa unapofikiri. Ndiyo maana watu huanguka wanapoongea na simu. Kwa mazoezi, pengo hilo hupungua.

Kidole cha mguu kikiburuza au kujikwaa mara kwa mara, hasa ukichoka, mwulize mtaalamu kuhusu kifaa cha kushikilia kifundo. Fimbo ishikwe mkono ulio kinyume na mguu dhaifu, na itangulie pamoja na mguu huo. Kwenye ngazi, ukipanda tanguliza mguu wenye nguvu, ukishuka tanguliza ulio dhaifu, na reli ishikwe kila siku. Wapo wanaoona haya kushika fimbo wakiwa na miaka 30. Fimbo inayomfikisha mtu kazini inastahili heshima.

Hatua ya 7: Kuinuka kutoka sakafuni

Fanya zoezi hili kabla hujaanguka, ukiwa umetulia, juu ya mkeka, na mtu karibu. Lala chali. Geukia ubavu. Jisukume kwa mikono hadi ukae, kisha ingia kwenye mikono na magoti. Tambaa hadi kwenye kiti kizito au kochi. Weka viganja au viwiko juu yake, weka mguu wenye nguvu mbele, unyayo ukanyage barabara, sukuma kwa mikono na mguu kwa pamoja, geuza kiuno, kaa. Pumzika kabla ya kusimama. Ukianguka kweli, jikague kwanza kama kuna maumivu makali ya nyonga, kichwa au kifundo cha mkono. Yakiwepo usiinuke, ita msaada. Wa nyumbani nao wajue: wakusogezee kiti, wasikuvute mikono.

Anayeswali hupata zoezi la namna hii kila siku katika kutoka sijda hadi kusimama. Siku ambayo miguu ina nguvu, weka kiti kizito pembeni ya mswala ukitumie kuinukia. Siku ambayo haina, swali umekaa, ruhusa ipo.

Kupanga wiki

Siku 3 kwa wiki, dakika 20 hadi 30, zinatosha kwa mazoezi ya usawa. Ziachanishe siku. Hatua ya 5 ni fupi, inaweza kufanywa kila siku hata umekaa kitandani. Siku za katikati tembea, endesha baiskeli ya mazoezi isiyotembea, au ingia kwenye maji yasiyo ya moto kama unapata mahali salama na mtu wa kwenda naye. Maji hupooza mwili huku yakiubeba. Wiki nane hadi kumi na mbili ndizo zinazoonyesha tofauti. Ukiacha, faida hupungua, kwa hiyo hata ukishafika mbali baki na siku mbili.

Bafuni na njiani

Mazoezi yanachukua wiki kadhaa kuzaa, na bafu unaingia leo. Weka kiti cha plastiki imara bafuni, kiwe na miguu yenye mpira, oga umekaa. Ndoo iwekwe juu ya kigoda au tofali ili usiiname kuchota. Ukiosha uso, mkono mmoja uwe ukutani. Miguu ya udhu ioshwe umekaa, usiipandishe kwenye sinki kwa mguu mmoja. Choo cha kuchuchumaa kifungiwe bomba au mbao imara ya kushika ukutani, pembeni au mbele. Tochi ilale karibu na mto: umeme ukikatika usiku, mwenye MS amepoteza macho yake, kwa hiyo asiinuke kwanza, awashe. Kwenye daladala au matatu mwambie konda asiruhusu gari liondoke hadi uketi. Sema kwa sauti.

Kupima tena

Kila baada ya wiki 4 rudia vipimo vya hatua ya 1, saa ile ile ya siku na viatu vile vile. Kwenye daftari, mbali na sekunde, andika umeanguka mara ngapi na ulikuwa ukifanya nini, hata kama uliangukia kitandani bila kuumia. Andika pia ulizokaribia kuanguka. Daftari hilo lifike kwa daktari na kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu katika dakika chache za kliniki mgonjwa husema "naendelea vizuri", na habari ya bafuni inabaki nyumbani. Sekunde zikishuka vipimo viwili mfululizo, ilhali hakuna joto, homa wala usingizi mbaya wa kulaumu, usisubiri tarehe ya kliniki.